Shukurani ya Viungo: Hotuba kwa Vikundi vya Mazoezi, Chake Chake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waheshimiwa masheha, viongozi na wanachama wa vikundi vya mazoezi mliotoka Wete, Micheweni, Mkoani na hapa Chake Chake, mama zangu, baba zangu na wadogo zangu, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Nawashukuru walionialika kuzungumza baada ya mazoezi ya asubuhi, wakati ambao watu wameshatoa jasho, wameshakunywa maji na, kwa nilivyosikia pale mlangoni, wameshaanza kuulizana kama kuna supu. Nimeombwa nizungumzie mazoezi na ulaji. Ni mambo mliyoyasikia mara nyingi, na katika mikutano mingi mzungumzaji huyaeleza kwa kutisha: hutaja presha, hutaja sukari, hutaja kiharusi, kisha huwaacha watu warudi majumbani na hofu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa muda mrefu na najua kwamba maradhi hayo ni ya kweli. Lakini nimeona pia kwamba hofu humtoa mtu kitandani alfajiri kwa wiki mbili tatu, kisha humchosha. Kwa hivyo leo nitalitazama jambo hili kwa upande mwengine. Nitakayoyasema yote yanarudi kwenye neno moja: mtu anayefanya mazoezi na kupangilia chakula chake kwa kuushukuru mwili aliopewa hudumu katika mwendo huo, na yule anayeyafanya hayo kwa kuuchukia mwili wake ama huacha mapema, ama huendelea kwa namna inayomdhuru.

Nianze na shukurani yenyewe, maana wengi wetu tunaielewa kuwa ni kazi ya ulimi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Kisha akataja mifano: kufanya uadilifu baina ya watu wawili ni sadaka, kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumnyanyulia mzigo wake ni sadaka, neno jema ni sadaka, kila hatua unayoipiga kwenda kusali ni sadaka, na kuondosha kinachoudhi njiani ni sadaka. Ukiitafakari mifano hiyo utaona kuwa mingi inahitaji mgongo unaoinama na kuinuka, mikono inayobeba na miguu inayokwenda. Kiungo hushukuriwa kwa kutumika katika kheri. Anayesema alhamdulillahi kwa magoti yake huku anapanda bodaboda kwenda duka la mtaa wa pili amesema neno zuri, lakini magoti yake bado yanamdai.

Hilo ni la upande wa kujitumikisha. Upande wa pili, ambao kwa maoni yangu unasahauliwa zaidi katika vikundi vyetu, ni ule wa kutokupindukia. Kisa cha Salman na Abu Dardaa, radhi za Mwenyezi Mungu ziwafikie, mnakijua. Nacho kimo ndani ya Bukhari. Mtume aliwaunganisha udugu watu hawa wawili, na Salman alipomzuru ndugu yake alimkuta mkewe hajijali kwa mavazi, akamuuliza ana nini, naye akajibu kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Abu Dardaa alipokuja alimwandalia mgeni wake chakula na kumwambia ale, kwani yeye amefunga. Salman akasema hatokula mpaka naye ale, na Abu Dardaa akala. Ulipoingia usiku Abu Dardaa alitaka kuinuka kusali. Salman akamwambia lala, akalala. Akataka kuinuka tena, akaambiwa lala. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku Salman akasema sasa inuka, wakasali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa alipompelekea Mtume habari hii, Mtume alisema: Salman amesema kweli.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinamhusu mtu aliyepindukia katika jambo jema kabisa. Hakuwa akifanya upuuzi. Alikuwa akifunga na kusali. Hata hivyo aliambiwa ale na alale. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka ili mwili upate haki yake, basi mtu wa leo aliyejinyima chakula siku nzima kwa ajili ya picha ya harusi, au kijana anayeinua vyuma siku saba za wiki mpaka bega haliwezi kuvaa shati, atatoa hoja gani?

Mwili ni amana, na hukumu ya amana tunaijua kutokana na vyombo vyetu. Aliyeazimwa ngalawa hana ruhusa ya kuiacha juu ya mchanga mpaka ipasuke kwa jua, na hana ruhusa ya kuipakia mpaka ikazama. Wenye kukaa mno na wenye kujitesa mno wote wawili wamekwenda kinyume na mwenye chombo.

Sasa niseme kidogo kuhusu kujinyima, kwa sababu naona vijana wetu, wasichana hasa, wanachukua kwenye simu mipango ya kula ambayo haikutungwa kwa ajili ya mtu yeyote anayefanya kazi. Mnamo Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu aliyeitwa Ancel Keys alianza utafiti juu ya njaa. Vita vilikuwa vimeacha mamilioni ya watu Ulaya wakiwa hawana chakula, naye alitaka kujua namna ya kuwarejesha katika afya. Walijitolea vijana 36 wazima wa mwili na akili. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichokizoea, huku wakiendelea kutembea na kufanya kazi. Miili yao ilikonda kama ilivyotarajiwa. Kilichowashangaza wengi ni yaliyotokea katika fikra zao: walikuwa hawawazi kitu isipokuwa chakula, walikiota usingizini, baadhi yao walikusanya vitabu vya mapishi, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, wakahisi baridi kila saa. Na walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula kwa wingi mno na bado wakajiona hawajashiba.

Basi dada anayejilaumu kwamba hana subira, kwa sababu alijinyima Jumatatu mpaka Alkhamisi kisha Ijumaa akamaliza sinia la biriani peke yake, ajue kwamba mwili wake umefanya kazi ambayo umeumbwa kuifanya. Mwili ukiona njaa ya kulazimishwa huogopa, na ukiogopa hutafuta. Mtu huyo hana haja ya kujilaumu zaidi. Anahitaji chakula cha kawaida kwa wakati wa kawaida. Naomba hapa nisieleweke vibaya kuhusu funga. Funga ya Jumatatu na Alkhamisi, na mwezi mtukufu wenyewe, ina daku, ina futari na ina nia. Anayeifunga hafungi kwa kuuchukia mwili wake. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwenye kufunga ili apungue kilo anajua ndani ya moyo wake anafanya nini.

Upande wa shukurani nao umechunguzwa. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwagawa makundi. Kundi moja liliandika kila wiki mambo hadi matano ambayo kila mmoja anayashukuru, jengine liliandika mambo yaliyowaudhi, na la tatu liliandika matukio ya kawaida tu, kwa muda wa wiki 10. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi, walilalamikia maumivu ya mwili kwa uchache zaidi na, jambo ambalo hawakuambiwa walifanye, walieleza kuwa wamefanya mazoezi kwa karibu saa moja na nusu zaidi kwa wiki kuliko walioandika ya kuudhi. Ni utafiti wa wanafunzi wa nchi moja, tena wakijieleza wenyewe, kwa hivyo sitoupa uzito kupita kiasi. Lakini unaafikiana na ninayoyaona kwa wagonjwa. Mwenye kuona kwamba mguu wake ni neema huutembeza, na mwenye kuona kwamba mguu wake ni aibu huuficha ndani.

Namna ya kushukuru nayo ina adabu yake. Kusema namshukuru Mungu kwa kila kitu ni sahihi, lakini mazowea huifanya kauli hiyo ipite mdomoni bila ya kugusa moyo. Napendelea mtu anapokaa baada ya sala ya alfajiri, au anapojinyoosha kitandani usiku, ataje jambo moja au mawili mahsusi ambayo mwili wake umemfanyia siku hiyo: leo nimepanda ngazi za hospitali bila ya kushika ukuta, leo nimembeba mjukuu, leo usingizi umenijia bila ya kuutafuta. Na mwenye maradhi ana yake ya kutaja. Nimemuuguza mtu aliyekatwa mguu ambaye alikuwa akishukuru kwa mkono wake wa kulia kwa namna iliyonitia haya mimi niliyesimama kwa miguu miwili. Hapa iko hatari moja ambayo lazima niitaje. Tumeelekezwa tumtazame aliye chini yetu katika mambo ya dunia ili tusidharau neema tuliyonayo. Hatukuelekezwa tumdharau yeye. Anayesema alhamdulillahi mimi si mnene kama fulani ameishia kusengenya.

Nije sasa kwenye chakula, ambako najua ndiko mnakosubiri, na ambako nitakaa.

Imepokewa tena na Bukhari na Muslim kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikipenda hula, na asipokipenda hukiacha. Katika nyumba zetu za siku hizi chakula kinatiwa ila kila siku, tena na watu wa mazoezi zaidi kuliko wengine. Mama ametoka asubuhi, amekuna nazi, amepika wali na mchuzi wa vibua na matembele, amefunika kwa kawa. Mtoto wake aliyerudi uwanjani anafunua, anakunja uso, anasema wali wanga, nazi mafuta, mimi sili. Mwanangu, kama huli, usile. Lakini kwanza mshukuru aliyepika. Na kama unataka chakula kibadilike, kaa na mpishi siku moja kabla, umsaidie kuchambua mchicha, mzungumze. Katika familia nyingi ninazozijua, nyumba hubadilika kwa njia hiyo, wala sijaona iliyobadilika kwa kukunjiana nyuso mezani.

Tena chakula chetu cha asili hakina makosa ambayo kinatupiwa. Pemba ina muhogo, majimbi, ndizi, viazi vitamu na shelisheli. Ina mbaazi, kunde na choroko, ina kisamvu na mchicha na matembele, ina dagaa, changu na pweza, na msimu kwa msimu ina embe, machungwa, mafenesi na shokishoki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na hayo hapa kwetu yanapatikana kwa bei ambayo watu wa miji mingi wangeitamani. Nionavyo mimi, tatizo limeingia kwa milango mitatu: mafuta ya kukaangia, sukari ya kwenye kikombe na chumvi. Shelisheli ile ile iliyokuwa ikichomwa au kupikwa kwa nazi sasa tunaitumbukiza ndani ya mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Chai ya asubuhi ina vijiko vitatu vya sukari, na pembeni yake mna mandazi, vitumbua au kaimati, vyote vikiwa na sukari yao.

Hesabu yake ni hii. Shirika hilo linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu 50, yaani kama vijiko 12 vya chai, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ameshafika tisa kabla hajagusa soda wala juisi ya ukwaju. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hesabu hiyo imo ile iliyotiwa kwenye mchuzi, kwenye achari na kwenye papa mkavu. Kupunguza hakuhitaji vita. Kijiko kimoja cha sukari kikiondoshwa mwezi huu na kimoja mwezi ujao, ulimi huzowea, na baada ya muda chai ya zamani huionja ukaiona sharubati.

Kuhusu nazi nimeulizwa mara nyingi na nitajibu kwa uwazi. Simo katika wanaoiharamisha. Tui lina mafuta yanayoganda, na mwenye lehemu nyingi katika damu anapaswa kulipima, lakini mpishi wa Kizanzibari anayajua matui mawili, zito la mwanzo na jepesi la pili. Mboga na mchuzi wa siku za kawaida zinaweza kupikwa kwa lile jepesi, na zito likasubiri Ijumaa au mgeni. Hapo hatujamnyima mtu ladha ya kwao, na tumepunguza kilichostahiki kupunguzwa.

Na harusi je? Na maulidi, na hitima, na sikukuu? Kuleni. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, na amri ya kwanza katika maneno hayo ni kuleni. Pilau ya harusi moja haimnenepeshi mtu. Kinachomnenepesha ni anachokula siku nyingine zote, na pia ile tabia ya kusema kwamba kwa kuwa leo nimeshaharibu basi niharibu mpaka mwisho wa mwezi. Aliyekula pilau jana anywe chai yake leo, ale muhogo wake na mboga yake, aende uwanjani kama kawaida, bila ya kukimbia mara mbili kwa kujiadhibu. Sinia yenyewe inatufundisha kiasi tukiifuata adabu yake: unakula kilicho mbele yako, unakula kwa mkono kwa matonge ya wastani, unazungumza na wenzako, unakwenda polepole. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupelekea ubongo habari ya shibe, na anayekula amesimama huku anatazama simu ameshamaliza sahani mbili kabla ya habari hiyo kufika.

Kwenye mazoezi sitochukua muda mrefu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenu na mnaiweza kuliko mimi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yanataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za harakati za wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mapendekezo hayo yameondosha sharti la zamani kwamba harakati lazima zifike dakika 10 kwa mfululizo. Kila mwendo unahesabiwa, ukiwemo ule wa kwenda msikitini na wa kushuka sokoni. Misuli nayo huanza kupungua taratibu kadiri umri unavyosogea, kwa hivyo mama wa miaka 60 anayeinuka kitini na kukaa mara kadhaa bila ya kujishikilia anafanya zoezi la maana sana hata kama hakuna anayempigia makofi.

Kuna jambo la hatua 10,000 ambalo linawasumbua wengi wenye simu za kuhesabu. Idadi hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Jina la kifaa hicho lilitaja hatua 10,000, nalo lilikuwa jina zuri la biashara. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa Marekani zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72, ukaonesha kwamba waliotembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa kiasi kikubwa kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Bibi aliyefika 5,000 na akarudi nyumbani anasikitika, naomba mumwambie habari hiyo leo.

Halafu tusisahau kwamba si kila Mpemba anahitaji kuambiwa atoe jasho. Mwanamke anayelima mwani huingia baharini maji ya bamvua yanapokupwa, husimama na kuinama kwa saa kadhaa, kisha hubeba gunia lililorowa mpaka pwani. Kumwita mtu huyu alfajiri aje kuruka ruka uwanjani ni kutomuelewa. Anachokihitaji ni kunyoosha mgongo, kupumzika, kunywa maji na kula samaki wa kutosha. Wanaochambua karafuu wakati wa msimu wako kinyume chake, maana hukaa mkekani mpaka usiku vidole tu vikitembea; hao waambiwe wainuke kila baada ya muda, wazunguke ua, warudi. Kikundi kizuri humuuliza mtu kazi yake kabla ya kumpangia zoezi.

Kila tarehe 1 Januari, Zanzibar inapoadhimisha siku ya mazoezi ya viungo kitaifa, barabara zetu hujaa watu, na mimi hufurahi. Lakini sisi wa hospitali huwajua pia wale wanaotujia siku zinazofuata na magoti yaliyovimba, kwa sababu mwaka mzima walikaa na siku moja wakataka kuulipa wote. Mtume ameeleza kuwa amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Anayeanza aanze kwa kutembea. Na siku ya kupumzika ihesabiwe kuwa ni sehemu ya mazoezi, kwa sababu misuli hujijenga wakati imetulia, na usingizi usiopungua saa saba hufanya kazi ambayo hakuna kocha anayeweza kuifanya.

Kabla sijamaliza, iko mila yetu moja inayoharibu mambo mengi, nayo ni kuisema miili ya watu. Tunakutana na mtu baada ya mwezi, salamu haijaisha, tumeshamwambia umenenepa, au umekonda, unaumwa nini. Mzazi ametoka arobaini juzi, anahitaji nguvu na maziwa ya mwanawe, na shangazi wa kwanza kuingia mlangoni anamuuliza tumbo hilo litarudi lini. Zamani unene ulisemwa kwa sifa, mtu akaambiwa amenawiri. Siku hizi picha za kwenye simu zimegeuza sifa ile ikawa lawama, na msichana mmoja husikia yote mawili katika siku moja, la bibi yake na la wenzake. Nimewauguza wasichana waliofika kwetu wakianguka anguka kwa kutokula, na nikiwauliza lilianza wapi, wengi wao hutaja neno la mtu wa karibu. Muulizeni mtu hali yake, watoto wake, shamba lake. Mwili wake mwachieni yeye na daktari wake.

Na la daktari nalisema kwa msisitizo, lisije likadhaniwa kwamba shukurani inachukua nafasi ya dawa. Mwenye presha ameze vidonge vyake hata siku anazojiona mzima, kwani presha mara nyingi haina dalili. Mwenye sukari atembee baada ya kula, jambo hilo husaidia kuishusha, lakini asiache dawa kwa kuwa amepungua kilo mbili. Kwenda kliniki kwa wakati ni katika kuushukuru mwili.

Ninayo maombi kwa viongozi wa vikundi. La kwanza, ile desturi iliyoanza ya kuwapanga watu kwenye mizani hadharani na kutangaza kilo zao, pamoja na zawadi kwa aliyepungua zaidi, naomba isimamishwe. Atakaye kupimwa apimwe faraghani, na zawadi mkitaka kuitoa mpeni aliyehudhuria bila ya kukosa, hata kama uzito wake haukusogea. La pili, katika mchakamchaka wa barabara ya Gombani, naomba wepesi wasiwe mbele peke yao. Mwekeni mbele mama mwenye mwendo mdogo kuliko wote, yeye ndiye apange mwendo kwa robo saa ya mwanzo, na vijana wenye haraka wapewe mzunguko wao baadaye. Nimewaona mama hao wakiachwa nyuma mara mbili, na mara ya tatu hawaji.

La tatu ni la Ramadhani. Mazoezi mazito mchana wa saumu hayafai kwa hali ya hewa yetu. Tembeeni kidogo katika saa ya mwisho kabla ya kufuturu, au fanyeni mazoezi yenu baada ya tarawehe, na maji yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari mpaka daku. Wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari waonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dawa zipangwe upya au waambiwe kama wana ruhusa ya kutofunga. Wauguzi wenzangu wamekaa upande wa kulia wa ukumbi na vipimo vya presha na sukari kwa atakayependa kupimwa, na mimi nitabaki hapa kwa maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma, ambaye mkono wake umekuwa juu tangu nilipotaja nazi.